Kuingojea UNHCR, kudhaminiwa Kanada au kuomba hifadhi ukishafika: njia ipi inaifaa familia iliyoko kambini?

"Mwanangu, tuendelee kuwangojea UNHCR, au mtujazie hiyo ya Kanada?"

Ujumbe wa sauti wa namna hii huingia usiku, saa ambazo kule bando ni rahisi. Nimeupokea kutoka kambi za wakimbizi: kutoka Nyarugusu ya Tanzania, kutoka Nakivale ya Uganda, kutoka Kakuma ya Kenya. Wanaongojewa ni UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi; "hiyo ya Kanada" ni fomu ya kudhaminiwa na watu wa huku. Mimi si mwanasheria, ni mtu wa kujaza fomu. Jumamosi nyingi nakaa mezani kwa watu hapa Kanada, familia inamwaga karatasi zake kutoka kwenye mfuko wa plastiki, tunaanza na jina la kwanza. Na karibu kila familia ina mtu anayenong'ona njia ya tatu: "Kuna kijana anasema tukichanga hela atatufikisha Ulaya, tutaombea hifadhi hukohuko."

Naziweka njia hizo tatu ubavu kwa ubavu. Sitazipa nafasi sawa, kwa sababu haziko sawa.

Ipi ni haki, ipi ni hisani

Mkataba wa Geneva wa 1951, pamoja na Itifaki yake ya 1967, una jambo moja zito katika kifungu cha 33: nchi isimrudishe mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Ndiyo maana ukishakanyaga ardhi ya Ujerumani au Uingereza ukasema unaomba hifadhi, wanapaswa kukusikiliza. Lakini mkataba huo, toka mwanzo hadi mwisho, hauna mstari unaoilazimisha nchi yoyote kuja kukuchukua kambini Kasulu, Tanzania. Kuhamishiwa nchi ya tatu ni hiari ya nchi inayopokea. Kwa hiyo njia iliyo haki yako iko mlangoni kwao, maelfu ya kilomita kutoka ulipo. Ile inayokufuata kambini na tiketi mkononi ni hisani, na hisani hukatwa.

Waliokuwa kwenye foleni ya Marekani wanalijua hili kuliko mimi. Tangu Sheria ya Wakimbizi ya 1980, rais ndiye hupanga kila mwaka idadi ya wakimbizi watakaoingia. Mwaka wa fedha 2024 kikomo kilikuwa 125,000. Wakaingia zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya akatia saini amri ya kusimamisha mpango mzima. Watu waliokwisha kupimwa afya na kupangiwa ndege wakabaki wamekalia mabegi yao. Kwa mwaka wa fedha 2026 kikomo kikashushwa hadi 7,500, na sehemu kubwa ikatengewa Waafrika Kusini weupe wa jamii ya Afrikaner.

Kwa anayepanga sasa, naishusha Marekani hadi chini kabisa ya orodha, nikijua wazi kwamba ndugu wengi wako kule. Hata ilipokuwa wazi, mkimbizi alishuka ndege bila ukaazi wa kudumu. Kadi ya kijani aliiomba baada ya mwaka mmoja. Na sheria iliyopitishwa Julai 2025 imewatoa kwenye msaada wa chakula wakimbizi ambao bado hawajaipata hiyo kadi. Kanada na Australia humpa mkimbizi aliyehamishwa ukaazi wa kudumu tangu siku ya kufika. Tofauti hiyo inasikika ndogo ukiwa kambini. Ukishafika, ndiyo inayoamua kama unalala usingizi.

Kuingojea UNHCR

Kwanza kabisa, hii huiombi. Unaweza kueleza shida yako dawatini, unaweza kuandika barua, lakini UNHCR ndiyo inayochagua nani apelekwe kwa nchi gani, kisha nchi hiyo inakubali au inakataa. Vigezo vyake vinaeleweka: mtu ambaye hata kambini yuko hatarini, aliyeteswa, mwanamke au msichana aliye kwenye hatari, mtoto asiye na mtu, mgonjwa ambaye tiba yake haipatikani pale, familia iliyotengana. Kukaa kambini miaka ishirini peke yake hakukusogezi mbele kwenye foleni. Najua inauma kulisoma hili, lakini ni bora ulijue. Kwa dunia nzima, wanaohamishwa kwa mwaka hawafiki mmoja katika kila wakimbizi mia.

Uzuri wake ni kwamba hulipi kitu, kwa sababu kila huduma ya UNHCR ni bure. Anayekuomba pesa ili "akuingize kwenye kesi" ni mwizi, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni. Na kama nchi itakayokupokea ni Kanada, serikali yenyewe inakutafutia nyumba ya kuanzia na kukupa posho hadi miezi 12. Nchi huchagui. Ukiwa na ndugu mahali fulani, mtaje kwenye mahojiano, na uache hapo.

Kazi yako kwenye njia hii ni kulilinda faili lako lisife. Mtoto akizaliwa, kaandikishe. Mtu akifariki, akioa, akihama, karipoti. Ukibadilisha laini ya simu, kawape namba mpya siku hiyohiyo, maana mtu huitwa kwenye mahojiano simu haipatikani, na faili linarudi chini ya mengine.

Njia hii inamfaa nani? Mjane anayetishiwa. Mama mwenye mtoto mgonjwa wa moyo. Kijana aliyeteswa ambaye waliomtesa wana ndugu zao kambini humohumo. Watu wa namna hiyo waende dawati la ulinzi wakaseme yote, hata yale ya aibu, kwa sababu afisa hawezi kuandika ambacho hakuambiwa.

Kudhaminiwa Kanada

Hapa ndipo ninapokaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu ambapo ndugu aliyeko nje anaweza kufanya kitu zaidi ya kutuma pesa.

Ilizaliwa na sheria ya uhamiaji ya 1976. Shirika la Wakristo Wamennonite, Mennonite Central Committee, ndilo la kwanza kutia saini makubaliano na serikali, Machi 1979, wakati watu wa Vietnam, Laos na Kamboja walipokuwa wakikimbia nchi zao. Tangu hapo zaidi ya wakimbizi 300,000 wameingia Kanada wakidhaminiwa na raia wa kawaida, na mwaka 1986 watu wa Kanada wote kwa pamoja walipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya UNHCR kwa wanaowasaidia wakimbizi. Wazo lenyewe ni jepesi: kundi la watu linaiahidi serikali kwamba familia fulani ikifika, wataitunza miezi 12, kodi, chakula, nguo, kuwapeleka watoto shule, kuwaonyesha basi linasimama wapi.

Kuna milango miwili mikubwa, na watu huichanganya. Mmoja ni mashirika yenye makubaliano ya kudumu na serikali, mengi yakiwa makanisa na taasisi za dini. Haya hugawiwa nafasi kila mwaka, na mkimbizi halazimiki kuwa na karatasi ya kutambuliwa na UNHCR ndipo wamdhamini. Wa pili ni kundi la watu watano, raia au wakaazi wa kudumu, wanaoishi mji ambao familia itafikia. Hawa humdhamini tu mkimbizi mwenye karatasi ya kutambuliwa na UNHCR au na serikali ya nchi aliyokimbilia. Mlango huu wa watu watano ulifungwa kwa maombi mapya tarehe 29 Novemba 2024, kwanza hadi mwisho wa 2025, kisha muda ukarefushwa. Kwa hiyo mtu akikuambia mwezi huu kwamba amekusanya watu wake watano na maombi yanakwenda, muulize maswali. Anayetaka kukusaidia kweli sasa hivi anapaswa kubisha hodi kanisani, na huko atakuta orodha ya wanaosubiri. (Jimbo la Quebec lina utaratibu wake peke yake, ya Quebec ulizia Quebec.)

Pesa. Jedwali ambalo serikali imekuwa ikilitumia lilitaja takriban dola 16,500 za Kanada kwa mtu mmoja kwa mwaka, na kiasi hupanda kadiri familia inavyokuwa kubwa. Sehemu yake inaweza kuwa vitu, kwa mfano chumba ambacho mtu amekitoa, au vyombo na vitanda. Lakini sikiliza vizuri: pesa hiyo hutoka kwa wadhamini. Mdhamini haruhusiwi kumtoza mkimbizi ili amjazie fomu, wala kumwambia atume mchango kwanza. Nimewahi kukaa na familia iliyouza kiwanja cha ukoo ili kumlipa "mdhamini" ambaye hakuwahi kupeleka karatasi hata moja. Tiketi ya ndege kwa kawaida huwa mkopo wa serikali, nao tangu 2018 hauna riba.

Muda ni miaka, si miezi. Na serikali kumkubali mdhamini si sawa na kupewa viza. Afisa wa uhamiaji atakaa na wewe, atakuuliza ulikimbia nini, atalinganisha na ulichosema siku ya kuandikishwa kambini. Maombi mengi mazuri huangukia hapa. Shemeji aliyeko Kanada anajaza fomu kwa niaba yako, anaipamba hadithi kidogo ili iwe na nguvu, na wewe ulishasema nyingine mwaka 2012. Mwambie aandike uliyoyaishi tu, hata kama yanaonekana madogo.

Jambo moja la sheria nalipenda hapa. Kwa mkimbizi aliyeko nje, Kanada haidai kwamba lazima uwe umelengwa wewe kwa ajili ya kabila, dini au siasa zako. Ina kundi jingine, la mtu aliyeathiriwa vibaya yeye mwenyewe na vita au uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu. Mtu wa Fizi au Masisi, mashariki mwa Kongo, aliyekimbia risasi bila kujua ni za nani ana mahali pake kwenye sheria hiyo. Na ugonjwa hauwezi kukufungia mlango kwa hoja kwamba matibabu yako yataigharimu nchi; wakimbizi wanaohamishwa wamesamehewa kigezo hicho.

Na la mwisho, kwa ajili ya wale wanaoogopa kufika na kuwa mateka wa shangazi: mkigombana, mdhamini hawezi kukurudisha. Ukaazi ni wako.

Ndugu wakiwa Australia badala ya Kanada, kuna viza namba 202, ambayo mtu aliyeko kule anakupendekeza. Nayo hukupa ukaazi wa kudumu ukifika, lakini tiketi ni juu yenu, na waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Jaribuni, ila msiifanye kuwa tegemeo pekee, isipokuwa anayependekeza ni mume, mke au mzazi wa mtoto mdogo, aliyefika kwa viza ya kibinadamu na aliyewataja tangu mwanzo. Huyo ana miaka mitano tangu apewe viza yake.

Kuomba hifadhi ukishafika

Mtu aliyekwisha kufika hana cha kulinganisha: aombe, na aombe mapema. Namzungumzia yule ambaye bado yuko kambini na anapima kuuza alichonacho ili aanze safari.

Sizungumzii hatari ya Sahara na Libya, mnaijua. Nazungumzia karatasi utakayopewa hata ukifika salama. Kwa mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, aliyekimbia vita ni mkimbizi, basi. Ndiyo maana Uganda na Tanzania ziliwapokea Wakongo kwa makundi bila kumhoji kila mmoja nani alimtafuta yeye. Ulaya si hivyo. Aliyekimbia vita kwa ujumla, bila kulengwa binafsi, mara nyingi haitwi mkimbizi kule. Hupewa kitu cha pembeni, ulinzi wa ziada, wenye haki pungufu. Ujerumani, kuanzia Julai 2025, imesimamisha kwa miaka miwili haki ya wenye ulinzi huo kuleta mke au mume na watoto. Kadi ya ukimbizi ya Nakivale haimfanyi mtu kuwa mkimbizi Berlin.

Denmark ndiyo iliyotangulia: tangu 2015 ina ulinzi wa muda mfupi, na 2019 ikageuza sera nzima ili lengo liwe mtu kurudi kwao. Uingereza imefuata nyayo. Septemba 2025 ilisimamisha maombi mapya ya wakimbizi kuunganishwa na familia zao, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza mpango wa hifadhi ya miezi 30 kwa awamu, na miaka 20 ya kusubiri ukaazi wa kudumu kwa anayeingia bila kibali. Baba anayeondoka kambini kwa njia hii akiamini atawaita watoto baada ya mwaka anahesabu kwa kalenda ya zamani.

Hata Kanada, yule anayeingia kwa miguu si sawa na yule anayeshuka na viza ya mkimbizi. Tangu 25 Machi 2023 makubaliano ya Kanada na Marekani yanahusu mpaka wote wa nchi kavu: ukivuka kutoka Marekani ukaomba hifadhi ndani ya siku 14, unarudishwa, isipokuwa uwe na ndugu wa karibu Kanada au uwe mtoto asiye na mtu. Ile barabara ya Roxham, njia ya kuvukia mpakani kuingia Quebec, ambayo bado inasimuliwa kwenye makundi ya simu, imekwisha. Atakayepita kwenye tundu la sindano atasikilizwa na baraza la wakimbizi, na akikubaliwa ataanza foleni nyingine ndefu ya ukaazi wa kudumu, watoto wakiwa bado kambini. Waliodhaminiwa hupanda ndege moja wote.

Mimi ningechaguaje

Familia yenye ndugu Kanada, au yenye kanisa linaloijua kwa jina: udhamini kupitia shirika lenye makubaliano, huku mkibaki hai kwenye faili la UNHCR. Kimoja hakikifuti kingine, ila mkiulizwa kama kuna nchi inashughulikia kesi yenu, semeni ndiyo.

Familia isiyo na mtu nje lakini yenye hatari ya kweli: UNHCR, dawati la ulinzi, bila kuchoka.

Kijana aliyemaliza sekondari na alama nzuri, hasa aliyeko Kakuma au Dadaab, Kenya: aulizie mpango wa wanafunzi wakimbizi wa World University Service of Canada. Upo tangu 1978. Wanafunzi wa vyuo vya Kanada hujikata ada kidogo kumlipia mwenzao, naye hufika akiwa mkaazi wa kudumu. Ushindani ni mkali na kuna kikomo cha umri, kwa hiyo asingoje.

Safari ya Ulaya kwa mkopo wa kijana wa mtaani, kwa familia yenye watoto: hapana.

Majina

Chochote mtakachochagua, kitu kinachovunja familia mara nyingi kuliko serikali yoyote ni orodha ya majina.

Juzi tulikuwa mezani na kaka mmoja, tumempigia mama yake Nyarugusu, simu ikiwa kwenye spika. Tulifika kwenye ukurasa wa watoto.

"Mama, watoto wote kwa majina. Hata ambao hawatasafiri."

"Wote nimekutajia, mwanangu."

"Na Mdogo? Yule wa marehemu dada?"

Kimya. Kisha: "Huyo si waliniambia wenzangu nisimweke? Eti mtoto wa mwingine anaharibu kesi."

Hii ndiyo sumu inayozunguka kambini. Mtoto wa marehemu anafichwa ili "kesi iwe safi". Mwana wa miaka 20 aliyeoa anaandikwa kijana asiye na mke, ili asitolewe kwenye faili la wazazi. Kanada ina dirisha la mwaka mmoja: ndani ya miezi 12 tangu ufike, unaweza kumwombea mke, mume na watoto uliowaacha, walio chini ya miaka 22 na ambao hawajaoa wala kuolewa. Lakini dirisha hilo ni la waliotajwa tangu mwanzo. Usiyemtaja, sheria inamhesabu kana kwamba ulimkana, na baadaye huwezi kumdhamini kama mwanafamilia. Mwaka 2019 uliwekwa msamaha wa muda kwa baadhi ya waliofanya kosa hilo. Mtu asipange maisha ya mtoto juu ya msamaha.

Mtoto wa marehemu dada sheria haimhesabu kama mtoto wako wa kuzaa. Inamruhusu aje na wewe kama mtegemezi wa kweli, kwa fomu yake mwenyewe, akionyesha kwamba naye ni mkimbizi na kwamba wewe ndiye unayemlea. Dirisha la mwaka mmoja halimhusu. Ama anapanda ndege pamoja nanyi, ama njia yake inakuwa ngumu sana. Bibi mzee ni hivyohivyo, hayumo kwenye dirisha. Fomu yake iende sambamba na yenu, tangu siku ya kwanza.

Tulimweleza mama yote hayo taratibu, mara mbili. Kesho yake akatuma picha ya ukurasa wa daftari, majina tisa kwa kalamu ya bluu. La kumi alikuwa ameliandika kwa penseli, chini kabisa, bila tarehe ya kuzaliwa. Tukampigia tena kumwomba akaitafute kwenye kadi ya kliniki.